Unyuzi Mmoja

Likitembea, baridi.
Likisimama, joto.
Ndivyo alivyonieleza Bi Time Mbarouk, daktari wa ng'ombe,
akijipepea kwa daftari la chanjo
mbele ya banda langu, Machomane, saa saba mchana, Februari.
"Nikishuka mteremko napulizwa kama bibi harusi.
Nikifika Mkoani bandarini, nikipanga foleni,
linanipumulia usoni kama mbuzi mwenye homa."

Mafundi watatu wameshampitia.
Wa kwanza kajaza gesi.
Wa pili kamuuzia feni kwa bei ya ndama.
Wa tatu kasema, uza gari.

"Hidaya, washa."
Hidaya, mwanafunzi wangu, viatu vya kaka yake,
hina ya Idi imebaki nchani mwa kucha,
akawasha.
Kompresa ikashika: kop.
Rilei ikaitika: tik.
Feni kimya.

Fyuzi nimeichomoa, nimeielekeza juani:
unywele wake upo, haukukatika.
Nikavuta waya mbili toka betrini moja kwa moja,
feni ikalia vuuu, ikarusha makonyo ya karafuu
yaliyonasa kwenye rejeta tangu msimu.
Haya. Feni haina dhambi.

Nikatia mita kwenye soketi yake.
Kumi na tatu na nusu.
"Umeme umefika, fundi!"
Umefika.
Wale watatu nao walisoma hivyo hivyo, wakafunga boneti.

Lakini mita haili kitu.
Mita ni mgeni wa mlangoni:
hamjambo, hatujambo, kwaheri.
Nikatoa balbu yangu ya taa kubwa, nimeizungua gari lililokufa,
ina njaa ya wati hamsini na tano,
nikaichomeka palepale.
Ikawa nyekundu kidogo, kama ncha ya udi.
Basi.

Mbwana yuko Maskati mwaka wa sita.
Kila Ijumaa hupiga. Mzima? Mzima.
Kazi? Alhamdulillahi.
Kumi na tatu na nusu.
Mwaka jana mama alipolazwa nikamwambia,
tuma kitu, au njoo wewe.
Simu nzima ikawa ncha ya udi.
Nikamkasirikia mpaka Ramadhani.

Hayo sikumwambia Hidaya. Nilimwambia, shika tochi.

Tukaufuata waya.
Chini ya betri, mzima. Kwenye kona, mzima.
Nyuma ya taa ya kushoto, pale mtu aliponyoosha bampa
akaufunga kwa nailoni,
ganda jeusi, linang'aa, ungeapa halina neno.
Nikalibonyeza kwa kidole: laini, kama ndizi iliyopitiliza.
Nikalichana kwa wembe.
Ndani, kijani.
Chumvi ya njia za mikokoni
alizopita Bi Time kufuata ng'ombe wa watu
imeila shaba mpaka ikawa unga,
isipokuwa unyuzi mmoja,
mwembamba, umesimama peke yake,
unapeleka salamu.

Hidaya akauinamia.
"Kumbe huu ndio uliokuwa ukisema na mita?"
"Huu."
"Ukidanganya."
"Haukudanganya. Haukuweza tu."

Nikakata shubiri nzima, nikaunga mpya, nikalehemu,
Hidaya akipuliza moshi usimwingie machoni.
Bi Time akakaa ndani, gari limesimama, vioo juu,
dakika kumi, hatoki.
Tukadhani kalala.
Alipofungua mlango alikuwa amejitanda mtandio mpaka masikioni,
akauliza deni lake kwa sauti ya mtu aliyetoka kisimani alfajiri.

Kile kipande kibovu nimekitia kwenye kopo la skrubu.
Leo Alhamisi.
Kesho akipiga, sitamtwika kitu.
Nitamuuliza analala wapi, na nani, wanapika nini.
Nianzie betrini,
nishuke naye taratibu.