Kati ya Milango Miwili

Mgahawa wangu hapa Duluth una milango miwili:
wa nje wa kuzuia theluji,
wa ndani wa kuzuia baridi iliyoponyoka.
Katikati pana kijichumba, hatua tatu kwa mbili,
zulia la mpira, miavuli iliyosahauliwa,
na tangazo nililolibandika kwa mkono wangu:
WANYAMA HAPANA. MBWA WA KAZI, KARIBU.

Nililiandika kwa hasira, nakiri.
Zamani nilikuwa mtu wa "ingia tu".
Akaja bwana mmoja na kijibwa chenye fulana nyekundu,
fulana ya dola thelathini, na cheti cha mtandaoni
cha daktari asiyewahi kumwona mbwa wala mgonjwa.
Kijibwa kikamrukia Otis.

Otis ndiye macho ya Delphine Savard.
Miaka miwili alisomeshwa asibweke, asinuse soseji,
asimame ukingoni mwa barabara hadi magari yaishe.
Aling'atwa sikio chini ya meza ya nne
na hakulia. Alilia Delphine.
Siku hizi hufika mlangoni akauliza, "Kuna nani ndani?"
Miaka tisa ya chai, hakuwahi kuniuliza hivyo.

Basi usiniambie nina moyo wa jiwe.
Desmond, mpishi wangu, ana pumu.
Haugen, mkaguzi wa afya, ana tochi;
unyoya mmoja kwenye mchuzi, nafunga duka.

Kisha, Januari, akaingia Eino Lahtela
na kuku.

Kuku, msomaji. Mwekundu, mnene,
mguuni amefungwa uzi wa kiatu
(kuku mgeni hakosi kamba, hata Minnesota).
Ubaoni nyuma yangu, kwa chaki:
SUPU YA KUKU, LEO TU.
Niliifuta kwa kiwiko kabla sijajua ninachofanya.

"Anaitwa Lempi," alisema. "Hanyi nikiwa nimemshika."
Hakuleta cheti. Alileta mikono:
ilikuwa ikigonga kaunta kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba isiyo na watu.
Alipompakata kuku, ikanyamaza.
Desmond ndiye aliyeninong'oneza habari za meli ya chuma,
za Novemba moja ziwani,
za wawili walioshika kamba moja, akapanda mmoja.

Usiku ule niliisoma sheria hadi macho yakauma.
Mbwa aliyefunzwa kazi, aingie, huna la kusema.
Mnyama wa kufariji tu, ni hiari ya mwenye duka.
Hiari! Laiti wangenikataza, ningelala.
Laiti wangeniamuru, ningelalamika, kisha nikalala.

Asubuhi nikabeba meza ndogo, ile yenye mguu mbovu,
nikaiweka kati ya milango miwili.
Haugen alipima kwa futi yake, akakuna kidevu:
"Hapa si ndani," akasema. "Wala si nje."
Hakuandika kitu.

Majira yote ya baridi Eino alikula chapati zake za maziwa pale,
koti mwilini, Lempi mapajani akidonoa makombo.
Wateja waliingia wakimpita ubavuni.
Wengine walimsalimia kuku, yeye wakamsahau.
Mama mmoja aligeuka, akaenda kula kwa jirani,
na sikumlaumu; mwanawe alikuwa anakohoa.
Otis alipita, akasimama, akanusa hewa mara moja,
dhambi yake pekee ninayoijua,
kisha akamvuta Delphine hadi meza ya nne.

Machi, Eino alikuja bila kitu kwapani.
Uzi wa kiatu ulikuwa kwenye kiatu.
Sikuuliza. Nilifungua mlango wa ndani,
nikaushikilia kwa mguu, nikasema, "Karibu, kuna joto."
Alitazama viti, taa, watu wanaotafuna.
Akakaa palepale, kwenye meza yenye mguu mbovu,
mikono chini ya mapaja.

Nikamletea kahawa. Mlango sikuufunga.
Baridi ikaingia hadi jikoni,
meza ya pili wakanung'unika, wa sita akavaa kofia.
Kila mmoja alikuwa na haki.
Niliwaongezea kahawa.