Vipimo

Nimeshona sare za masista miaka kumi na mmoja,
hapa Kadutu, ngazi ya tatu kutoka sokoni,
nyuma ya mama anayeuza sambaza kwa kikombe.
Bluu yao naijua hata gizani, naijua kwa kidole:
nzito kuliko bluu ya shule nyingine,
haichuji, na haisamehe mkasi ukikosea.

Mwaka huu mwanangu amemaliza la sita.
Asilimia sabini na nane, buletini ina muhuri,
na mimi, mtu wa uzi na bobini,
nikajikuta kwenye mstari saa kumi usiku
mbele ya geti lenye rangi ileile.
Nafasi arobaini na tano. Wazazi mia tatu na kitu.
Mvua ya Bukavu haiulizi nani ana mwavuli.

Mbele yangu, bwana mmoja wa Muhungu, viatu vikavu,
alikuwa na bahasha ndani ya bahasha.
Nyuma yangu, mama Nsimire, katoka Bagira kwa miguu,
ameshika picha nne za mtoto ndani ya plastiki
kama aliyebeba mayai.
Tukasalimiana vizuri. Tukaulizana asilimia.
Mimi nilisema themanini na mbili.

Fomu, dola tano. Cheti cha ubatizo.
Barua ya paroko. Kazi ya baba.
Hapo kalamu ikasimama.
Nikaandika: Fundi. Nikaona ni fupi.
Nikaongeza: wa sare zenu.
Kisha nikaona haya, nikayakata kwa mstari mmoja,
lakini mstari mmoja haufichi kitu,
fundi yeyote anajua.

Jumamosi ya mtihani Cibalonza aliingia
na rula, kalamu mbili, ndizi moja.
Sisi tukabaki barabarani, tunawafanyia watoto hesabu kwa midomo:
tangi lina lita mia mbili, linavuja,
litabaki na ngapi jua likizama?
Mama Nsimire alipata jibu kabla yetu sote.
Alishawahi kuuza maji, alisema.

Jioni nilifanya jambo la kijinga.
Nilitoa mabaki ya ile bluu, nikamwita:
simama wima, nyoosha mkono.
Bega, thelathini na nne. Kiuno. Urefu hadi chini ya goti
na sentimita mbili za kukunja, maana mtoto hukua.
Akauliza, "Baba, na wale ambao majina yao hayatatoka,
nao unawapima?"
Mdomo wangu ulikuwa na pini.
Mtu mwenye pini mdomoni ana ruhusa ya kutojibu.

Listi ilibandikwa Alhamisi, upande wa ndani wa kioo.
Nilisoma toka juu. Nikasoma toka chini.
Bwana wa Muhungu hakuja; jina la mwanawe lilikuja.
La Cibalonza lilikuwa kwenye karatasi ya pili,
ya wanaongoja, namba tisa,
na pumzi yangu imeufunika wino kwa ukungu.

Mama Nsimire akanishika mkono: nisomee, miwani sina.
Nikamsomea. Akonkwa, wa kumi na nne, karatasi ya kwanza.
Akaomba nirudie. Nikarudia.
Mara ya tatu jina la mtoto wa mwenzangu
likanikwaruza koo kama mfupa wa sambaza,
mdogo, usioua mtu.

Leo amekuja na kitambaa mita mbili
na msichana mwenye mabega membamba.
"Wanasema bluu ya masista unaishona wewe."
Nimempima. Nimeacha sentimita mbili.
Halafu nimeacha tatu.
Bei tumeielewana bila maneno mengi.

Ukutani, kwenye msumari, inaning'inia nyingine,
bado haina vifungo.
Cibalonza anafagia vipande vya uzi.
Hasemi kitu. Jana tulisikia kuna mmoja amehamia Uvira,
mwingine kakosa minervali,
na moyo wangu ulifurahi kabla sijauzuia.
Namba tisa sasa ni namba saba.
Simu ikilia, sote wawili tunageuka,
cherehani inasimama katikati ya mshono.

Ni mteja. Anauliza kama suruali yake iko tayari.