Saa Moja ya Kutuama

Nukus, Februari. Upepo unagonga dirisha la maabara
na kinachopeperuka si theluji, ni chumvi;
mgeni hajui mpaka alambe midomo.
Nimesimamisha mirija kumi na miwili kwenye kishikio,
nimetazama saa ya ukutani.
Sasa hakuna la kufanya ila kungoja damu ituame.

Damu ya mzima haina pupa.
Iache saa nzima, itashuka milimita nane, labda kumi,
mfano wa mtu anayeketi huku ameshika magoti.
Damu ya kifua kikuu huanguka.
Chembe zinashikana tumbo kwa mgongo,
sarafu katika ngumi ya bahili,
na uzito wa kushikana ndio unaozizamisha.
Juu yanabaki maji ya manjano,
chai ya kijani iliyoongezwa maji mara ya tatu.

Namba kumi na saba: themanini na mbili.
Hatuandiki majina kwenye mirija,
lakini wodi ni ndogo, na mkono huu ndio uliotafuta mshipa wake.
Ayzada. Miaka kumi na tisa.
Alipaka rangi ngazi za maghorofa Moscow majira mawili,
akadhani anakohoa vumbi la plasta.

Chini ya hadubini chembe zake nyekundu ni ndogo,
zimepauka katikati, vifungo vya shati lililofuliwa mno.
Zile nyeupe za kushambulia zimefurika,
nyingine bado changa, uboho umezisukuma nje
kabla hazijajifunza kazi.
Limfosaiti nimezihesabu mara mbili. Chache.
Hazikufa zote; zimeitwa mapafuni.
Damu ni barabara tu. Vita viko kwingine.

Baba naye alikuwa mpimaji.
Kituo cha maji, Moynaq: kila asubuhi
alisoma nguzo yenye alama iliyosimikwa baharini,
akaandika sentimita.
Mwaka niliozaliwa maji yaliiacha nguzo mkavuni.
Wakasimika nyingine mbele. Ikakauka.
Ya tatu aliifuata kwa pikipiki,
ya nne kwa lori, kwenda na kurudi siku nzima,
chumvi imemkaa kwenye nyusi.
Mama akamwuliza, unamwandikia nani?
Akasema: nikiacha,
watu watadhani iliondoka usiku mmoja.

Machi, sitini na tisa.
Aprili, Ayzada ananionyesha leso:
machozi yake yana rangi ya chungwa, anacheka,
hata kulia siku hizi kunahitaji maelezo.
Mei, arobaini na moja, nami karibu nishangilie,
kisha mashine inatoa hemoglobini:
tisa imekuwa saba.
Mdudu wake ni sugu, kidonge cha kumtoa ni kikali,
na askari aliyeletwa kufukuza mwizi
ameanza kula akiba ya nyumba.
Daktari Reymov anaisoma karatasi yangu akiwa amesimama,
koti bado begani.
Anakata dozi nusu. Anasema, pima tena Jumatatu.
Jumatatu napima. Saba.
Jumatatu nyingine. Saba na nusu.
Sijawahi kuipenda nusu namna ile.

Oktoba. Pamba imevunwa, barabara nzima ina nyuzi nyeupe.
Nimesimamisha mirija, nimetazama saa,
nimekunywa chai bila kuionja.
Namba kumi na saba: kumi na nne.
Nainama, nasoma tena, jicho usawa wa mstari.
Wekundu umekaa juu, pale pale karibu na ukingo,
kina ambacho baba alikiandika mara ya mwisho
kabla sijazaliwa.
Bahari haikurudi. Sisemi imerudi.
Kumi na nne, naandika.

Kando yake, namba tano,
mzee Orazbay wa kitanda cha mlangoni:
mia moja na kumi na nane.
Naandika hiyo pia.