Maji ya Mtu wa Sita

Jumamosi, kisiwani Chiloé, mvua ikitwanga paa
siku ya kumi na moja bila kuvuta pumzi,
mama alituita sote tisa jikoni, tupange mstari,
tuonyeshe magoti, nyayo, nyuma ya masikio.
Hakutazama umri. Alitazama uchafu.
Msafi mbele, mchafu nyuma,
karai moja, birika tatu za maji ya moto,
na kuni za mti ulioanguka wenyewe,
kwani mti uliosimama baba hakuugusa
mpaka upepo utoe idhini.

Ercira kwanza, siku zote Ercira,
aliyechimba viazi asichafue ukucha.
Kisha Otilia. Kisha pacha, wakinyang'anyana sabuni
ya majivu na mafuta ya nguruwe, inayochoma macho.
Kisha Nolberto na kikohozi chake.
Halafu mimi.

Maji ya mtu wa sita si meusi, si meupe.
Yana rangi ya chai iliyosahaulika mezani,
yana joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.
Na ndani yake wamo watano:
unywele wa Otilia umejikunja kama swali,
nyuzi za sufu, kigaga cha goti la pacha mmoja.
Nilizisoma habari za wiki nzima kwa kuoga tu.
Baada yangu Clorinda, Rosamel,
na mwisho Baldomero wa zizini,
aliyeapa kwamba kila Jumamosi
vidole vya miguu yake huvikuta kwa kupapasa.

Wala maji hayakuishia hapo.
Yalisugua sakafu, yakaosha buti,
kisha mama akayabeba ndoo kwa ndoo,
kichwani gunia, mvua ikimcheka,
akayamwagia vitunguu saumu.
"Lakini mama, mvua yote hii!"
"Mvua haina majivu," akajibu,
akarudi kuchukua ndoo nyingine.

Siku moja alikuja binti wa Santiago, ana daftari,
akataka kujua mama amejifunzia wapi
maisha haya yanayoihurumia dunia.
Mama akampa kisu na kiazi cha bluu.
"Menya nyembamba," akamwambia. "Ganda ni la kuku."
Binti akamenya, akajikata,
daftari likarudi Santiago na doa la damu na ukurasa mtupu.

Nisije nikawadanganya: sikuyapenda.
Shuleni Yasna alininusa, akasema moshi,
akahamia dawati la mbele.
Nilimchukia mama Jumatatu mpaka Ijumaa.
Niliivaa sweta iliyofumuliwa na kufumwa mara nne,
nikaomba Mungu anipe kitu ambacho
hakijawahi kuwa cha mtu.

Akanipa.
Puerto Montt, orofa ya saba, bafu la kauri nyeupe,
bomba la moto halina foleni wala ukaguzi wa masikio.
Mwezi wa kwanza nilioga kama mtu anayelipiza kisasi.
Mwezi wa pili nikaanza kuisikia sauti ya maji
yakishuka kwenye ukuta, orofa sita kwenda chini,
bado moto, bado na nguvu ya kufanya kazi,
na hakuna aliyeyapa hata kitunguu kimoja.

Jana nimemwogesha Millaray, binti yangu, mtoto pekee.
Bafu limejaa mpaka kidevuni. Akacheza, akachoka, akatoka.
Nikashika kizibo.
Nikakiachilia.

Kule kisiwani macho ya mama yameisha;
Ercira ndiye anayempasha maji sasa,
na ameniambia kwa simu, akicheka, kwamba mama
huuliza kila mara: nani ataingia baada yangu?

Nikavua nguo, nikazima taa, nikaingia.
Uvuguvugu. Unywele mmoja mwembamba ukanigusa mkono.
Maji ya mtu wa pili.
Maishani mwangu sijawahi kupanda cheo namna hii,
na sikuwa na wa kumwita:
njoo, upesi, bado yana moto.