Kitako cha Mninga

Darubini ilishuka kwa treni, Jumanne,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa.
Kioo kizima. Bomba zima. Miguu haina.

Nikahesabu hela ya tumbaku mara tatu.
Kalunde akasema, "Ya nne haitaongeza kitu."

Dar ipo stendi ya chuma, ya kutamanisha,
ina mhimili wa kuelekezwa kwenye ncha ya mbingu;
ukishauelekeza, unazungusha gurudumu dogo moja tu
na bomba linaiandama nyota kama ndama na mama yake.
Muuzaji alinisifia kwenye simu nusu saa.
Nikamuuliza: hiyo ncha, kwetu Tabora, iko wapi?
Nikasikia anapekua karatasi.

Iko digrii tano tu juu ya ardhi,
upande wa kusini, nyuma ya ghala la chama cha msingi,
haina hata nyota moja ya maana ya kuionyesha.
Na mhimili ukiulaza chini kiasi hicho
uzani wake unagonga mguu wa stendi. Hauendi ng'o.
Chuma kile kilifuliwa kwa ajili ya watu wa baridi,
ambao ncha yao imesimama juu kama mlingoti.

Nikaenda Isevya, kwa Mihambo seremala.
Zuhali hajawahi kuiona. Milango ameiona.
Nikamchorea kwenye vumbi la mbao:
sanduku, masikio mawili ya duara, sahani ya kuzungukia.
Akauliza alichosahau kuuliza muuzaji:
"Ukilisukuma kwa kidole, unataka lisimame wapi?"
Pale pale nitakapoliachia.
Basi akachagua mninga uliokauka misimu miwili,
na chini ya masikio akabandika vipande vya dumu la mafuta,
yasibane, yasiteleze.

Sisemi halina kasoro.
Jabari akifika utosini sanduku linagoma,
nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.
Na treni ya usiku ikipita, mbingu yote inatetemeka;
nakunywa chai, inatulia.

Jana Mihambo alikuja kukagua kazi yake.
Akainama, akafumba jicho moja.
Nikasubiri. Mbwa wa jirani akabweka, akachoka.
Mara mbili alilisukuma bomba, kidogo, kwa kidole,
kuirudisha ile pete katikati.
Kisha akainuka, akapapasa ubao wa kushoto gizani,
akasema, "Hapa sikupiga msasa vizuri."