Nati ya Kumi na Sita

Siku ya nne tunapita juu ya Mwitanzige
kama mtu anayepiga pasi shuka lisilonyooka:
kwenda, kugeuka, kurudi,
na chombo cha sauti, cha kuazima kwa watafiti wa samaki wa Jinja,
kinatupa mlio chini,
kinangoja.

Konstebo Ocaya haondoi jicho kwenye kioo.
Kioo kina rangi ya chai ya maziwa.
"Hiki?"
"Mwamba."
"Na hiki?"
"Sangara. Kundi zima, wamenona."
Jana tuliona pikipiki imesimama wima kwenye tope
kama inayesubiri abiria.
Juzi, mbavu za meli ya wakoloni.
Ziwa hili halitupi kitu. Linaweka tu.

Tunayemtafuta ni Kaahwa, mchomeleaji wa Butiaba,
aliyenunua tangi la dizeli kwa wauza vyuma chakavu Hoima,
akalikata, akaliziba, akalitia dirisha
la mlango wa mashine ya kufulia,
akaandika ubavuni kwa rangi ya gari: NYAMBIZI 1.
Watu wakauliza, "Na ya pili utaipeleka wapi, Ateenyi?"
Akacheka nao.
Alikuwa mtu wa kucheka na wanaomcheka,
kisha hurudi kwenye moto wake.

Alitaka nini huko chini?
Polisi wanasema sifa. Mkewe, Kabasinguzi, anasema madeni.
Mimi aliniambia karakanani, tukila muhogo juu ya boneti:
"Kijana, kila mtu hapa anakula kutoka ziwani,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia jikoni."

Makubaliano yetu: akifika chini, agonge mara moja.
Akitaka kupanda, mara tatu.
Mimi mtumbwini, kasia majini,
sikio kwenye mpini wa kasia.
Nilisikia moja.

Bado nasikiliza.

Mkaguzi aliyetoka Masindi alikuja na daftari jipya.
"Nani alifunga kifuniko?"
"Mimi."
"Nati ngapi?"
"Kumi na sita."
Nilijibu upesi, kama mtoto aliyekariri jedwali.
Akaandika. Daftari la polisi halina nafasi ya kusita:
neno, nukta, saini.

Kumi na tano zilikaza.
Ya kumi na sita meno yake yalikuwa yamelika,
ikazunguka, ikazunguka, haikushika.
Niliichomoa nikaitia mfukoni,
niseme.
Lakini watoto walikuwa wanashangilia, mtu anapiga firimbi,
na yeye tayari yuko ndani, nyuma ya kioo cha kufulia,
uso umevimba kwa duara la kioo, ananionyesha kidole gumba.

Nikamwonyesha changu.

Jioni mafuta yaliyobaki ni ya kurudia tu.
Ocaya anafunika mashine kwa koti lake la mvua.
"Kesho tutaanzia upande wa Kongo," anasema,
na sisi sote tunajua kesho hakuna petroli.
Kabasinguzi yuko gatini. Haulizi kitu.
Anatuhesabu tunaposhuka, mmoja mmoja,
kama anayetarajia tutazidi mmoja.

Nimelala nusu saa. Nimeamka.
Nasukuma mtumbwi hadi maji yanapokuwa meusi,
natumbukiza kasia, naweka sikio.
Ziwa linaunguruma tumboni, kama lililokula vibaya.
Hakuna moja. Hakuna tatu.
Ya kumi na sita ina joto la mfuko wangu.
Naigonga kwenye ubao wa mtumbwi,
polepole, nikiacha nafasi katikati,
mara tatu,

isije ikawa amesahau hesabu.