Kuazima Chachu

Stima ilipotea siku tatu, Kisumu nzima,
na feni za bwawa la pili zikanyamaza.
Siku ya nne maji yalinuka mkojo mtupu.
Apondi alichovya karatasi yake ya kupimia,
ikatoka kijani kama sukuma wiki.
Hakusema kitu. Alifunga kitabu cha zamu.

Utawaombaje radhi viumbe usiowaona?

Alfajiri aliwasha pikapu hadi Nakuru
na madumu manne ya lita ishirini,
kama mtu aendaye kwa jirani kuazima chachu ya busaa.
Cheruto, fundi wa huko, akamjazia tope la kahawia,
akasema: usikaze vifuniko, wanapumua.

Mau nzima, baridi ile, madirisha wazi,
alisafiri na umati mgongoni:
wale walao amonia polepole,
wanaozaana kwa siku, si kwa dakika,
na wale wa gizani, ambao wakikosa hewa
huinyonya kwenye nitrati
na kuiachia naitrojeni iende zake.

Wiki tatu alipima, simu za ofisini zikimfokea.
Kisha Jumanne moja, bila kishindo,
viputo. Vidogo, kama uji unaokaribia kuchemka.

Alisimama ukingoni na viatu vyake vya mpira,
akavuta pumzi ndefu.
Kilichokuwa choo cha mji mzima
kilipita puani mwake, chepesi, bila harufu.

Kule ziwani gugumaji lilikuwa likingoja mlo wake.
Lingoje.